Saa Saba ya Meneja

Mtu akinyolewa vibaya halalamiki papo hapo. Kwanza anajitazama kwenye kioo, anageuza kichwa kushoto, anageuza kulia, halafu anakutazama wewe. Bwana harusi alinitazama hivyo Alhamisi moja, siku mbili kabla ya harusi yake. Katikati ya kichwa chake palikuwa na njia inayong'aa, pana kama vidole viwili, kutoka kwenye paji la uso hadi utosini.

Kosa lilikuwa langu na silikatai. Nilikuwa nimevua kile kitana cha plastiki kinachovishwa kwenye mdomo wa mashine ili isinyoe hadi ngozi. Nilikivua nimchonge vizuri pembeni. Kinyozi mwenye akili akishavua kitana hukiuma kwa meno, asije akasahau. Mimi nilikiweka mezani, kwa sababu ilikuwa saa saba na binti yangu alikuwa amekuja mbio na simu.

"Baba, mama anataka kukuona!"

Nikageuka, nikatabasamu, nikapunga mkono, kisha nikarudi kwenye kichwa cha watu. Mashine ikapita tupu.

Tajiri, mwenye saluni, alimnyoa bwana harusi upara kwa mkono wake mwenyewe, huku akimwomba radhi mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Halafu akaniita nyuma ya pazia.

"Sikiliza. Mtoto nampenda, unajua mwenyewe. Lakini hapa ni kazini. Muhula ukifunguliwa, mchana nisimwone hapa. Ama yeye, ama nyote wawili."

Mtoto mwenyewe ana miaka mitano. Wateja wanamwita Meneja, maana hukaa kwenye kiti kirefu karibu na mlango, na kila anayeingia anamuuliza, "Umekuja kunyoa au umekuja kupiga soga?" Alikuwa akisoma chekechea ya nusu siku. Saa sita namfuata, namlisha, namleta saluni, na saa saba simu inalia. Mama yake yuko mbali, anamhudumia bibi mmoja mzee na kuishi humo humo ndani. Simu yake inashinda kwenye droo ya jikoni, ndivyo wenye nyumba walivyotaka. Bibi akishakula mchana hulala saa nzima, na saa hiyo ndiyo pekee aliyo nayo mke wangu. Akija kumaliza kumwogesha bibi na kumlaza usiku, Meneja anakoroma zamani. Alikuwa ameshamaliza miezi minane hivyo, amebakiza mwaka na nusu wa mkataba.

Katika saa hiyo Meneja husimulia kila kitu: nani kang'atwa, nani kajikojolea, jino gani linatikisika. Mimi naachiwa dakika mbili za mwisho, tena mashine ikiwa mkononi.

Nilikwenda kuchukua fomu. Ilikuwa na visanduku viwili, nusu siku na siku nzima. Mwalimu akanieleza kwamba wa siku nzima wanakula pale, wanalala saa saba, wanacheza, na saa kumi wanafuatwa.

"Hawawezi kulala saa nane?"

Alicheka, akidhani natania. Nikamuuliza kama mtoto anaweza kuamshwa kidogo apokee simu. Hapo hakucheka. Alisema mmoja akiamka wanaamka wote thelathini, na wanapoamka kwa pamoja hata yeye hutamani kulia.

Nikakaa na ile fomu siku tatu. Ya nne, simu ilipolia, nilimtuma Meneja kwa mshona viatu wa jirani, nikamweleza mke wangu.

"Yaani unaninyang'anya mtoto," akasema.

"Nani anakunyang'anya? Tajiri kanikalia kooni."

"Mtafutie mtu wa kukaa naye mchana."

"Mtu gani? Mama yangu hatunaye, mama yako mwenyewe ni wa kuuguzwa. Wewe unapiga, unacheka naye, unakata. Anayefua soksi ni mimi. Anayeulizwa kwa nini mama amekata ni mimi!"

Kabla sijamaliza nilishajua kwamba nimevuka mpaka. Mimi nina hasira za karibu, na zikishatoka hazirudi. Uso wake ukatoweka, nikabaki naitazama dari ya jiko la watu, kwa kuwa alikuwa ameilaza simu mezani. Nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa, kisha yakafungwa.

"Wanalala saa ngapi huko?" akauliza, simwoni.

"Saa saba."

"Saa saba." Akacheka, kicheko kisicho na raha. "Basi nitakuwa na wawili waliolala, mmoja huku, mmoja huko. Mimi nitakaa na simu."

Nikaikunjua ile fomu juu ya meza.

"Andika siku nzima," akasema. "Asije akakulia mlangoni mwa saluni."

Niliandika. Muhula ulipofunguliwa nilimpeleka Meneja asubuhi na shuka lake la kulalia, akaingia bila kugeuka nyuma. Saluni siku hiyo kila mteja aliuliza Meneja kaenda wapi, mpaka nikachoka kujibu. Ilipofika saa saba fundi redio alikuwa kitini, kichwa nimekimaliza nusu, na simu ikalia. Nikazima mashine nikatoka nje.

"Nimesahau kwamba hayupo," akasema mke wangu.

"Hujasahau."

"Sijasahau. Nimeshindwa kukaa naitazama simu tu."

Miezi yote ile tulikuwa tumezungumza juu ya kichwa cha mtoto, na sasa kichwa hakipo. Nikamweleza kwamba Meneja amevaa sketi ya bluu, kwamba hakulia, na aliyelia ni mimi, nilipokata kona.

"Na wewe, hujambo?" akaniuliza.

"Hebu niulize tena."

Akaniuliza tena. Badala ya kujibu nikamwambia nimemkumbuka mpaka nyumba naiona kubwa, na kwamba maneno ya soksi ayasamehe. Alikuwa analia. Fundi redio akachungulia mlangoni, nusu nywele, nusu upara.

"Kinyozi, ndiyo niende hivi hivi kwa mke wangu?"

Mke wangu akacheka katikati ya machozi, na saa yake ikaisha.

Saa kumi nilimfuata mtoto. Njia nzima niliwaza atakaponiuliza nitamjibu nini. Nikisema mama amepiga, atajua kamkosa. Nikisema hakupiga, atadhani kasahauliwa. Alitoka mbio, mkoba umemzidi mgongo, na hata salamu hakunipa.

"Mama alipiga?"

"Alipiga," nikasema. "Nilimwambia umelala."

Akauachia mkono wangu, akasimama palepale njiani, amekasirika kweli, amefanana na mimi.

"Kwa nini umemwambia hivyo? Mimi sikulala! Nilifumba macho tu, nisikie simu ikilia."