Hodi ya Mashine

Programu yenyewe iliitwa wiki, na mkutano wa kwanza wa kamati uliishia katika ubishi wa kama ni ya wiki moja au ya muhula mzima. Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya elfu mbili, na tawi la chuo kikuu pale Tudor lilitaka kuonekana limewahi. Ronald, fundi wa kompyuta, alieleza hadi akatokwa jasho: ni kurasa za pamoja, mhadhiri anaandika maelezo ya somo, na yeyote anayesoma anaweza kuongeza au kusahihisha.

"Yeyote?" Daktari Mung'aro, mwenyekiti, alivua miwani. "Mwanafunzi amsahihishe mwalimu wake? Hicho si chuo, bwana, hiyo ni baraza ya kahawa."

"Ipo nyingine yenye kufuli," Ronald akasema. "Unaamua nani asome, nani aandike."

"Ndiyo hiyo."

Jacinta akanyoosha mkono. Alikuwa mwakilishi wa darasa la jioni, mwanamke aliyekwishapita arubaini, anayechapa barua kutwa katika ofisi ya mizigo bandarini na kufungua daftari wenzake wakipakua chakula.

"Na sisi wa jioni, nani atatufungulia?"

"Mimi," akajibu Bi Mwanaesha, msajili. "Njoo saa za kazi, dada, nikuandikishe."

"Saa zako za kazi ndizo zangu, Bi Mwanaesha."

"Basi omba ruhusa."

"Niliomba ya kuja hapa. Nikiomba nyingine, bosi atanipa ya moja kwa moja."

Wakacheka wote, na kufuli ikapita. Jacinta akarudi kwake Bondeni kwa miguu, akisali njia nzima. Ee Mungu wangu, mtihani u mlangoni na maelezo yote wameyafungia. Nitafutie pa kupitia.

Daktari alitoa sharti moja: mashine iseme Kiswahili, tena chenye adabu. Kwa hiyo pale ambapo programu za watu huuliza neno la siri, Ronald aliandika kwa herufi kubwa: HODI! Kisha akamwacha Daktari peke yake, aweke neno kuu la kufungulia kurasa zote, ambalo angelijua yeye tu.

Daktari akaiona hodi. Mtu aliyelelewa akalelewa, vidole vilimtangulia: karibu. Mashine ikalishika neno hilo likawa ndilo ufunguo, naye akadhani wamesalimiana tu. Tangu hapo kila alipoketi ilibisha, akaikaribisha, ikamfungulia. Akaamini kwa dhati kwamba inamjua.

Jioni moja Jacinta aliketi kwenye kompyuta ya maktaba, angalau auone huo mlango aliofungiwa. HODI! Akajibu kama ambavyo angejibu nyumbani kwake, na maelezo ya muhula mzima yakamwagika mbele yake. Aliwaambia wenzake, na hakuona dhambi. Mtu akibisha hodi, unanyamaza?

Dhambi aliiona siku ya uzinduzi. Wageni walikuwa wamefika kutoka makao makuu, na Daktari alisimama mbele yao kifua mbele.

"Yupo dada hapa aliyetuhofia kufuli. Njoo, Dada Jacinta. Ivunje tuone."

Jacinta akaketi. Akiandika, neno litabadilishwa siku hiyohiyo, na darasa zima la jioni litaingia kwenye mtihani mikono mitupu. Akijifanya ameshindwa, atakuwa amesema uongo kwa vidole, mbele za watu na mbele za Mungu. Akafumba macho.

"Mnaona?" Daktari akawaambia wageni. "Anaomba. Hapa hata maombi hayafungui!"

Jacinta akafumbua macho. "Daktari, mtu akikubishia hodi, wewe hujibu nini?"

"Swali gani hilo? Karibu, bila shaka."

"Ahsante," akasema, akaandika alichoambiwa.

Kurasa zikafunguka. Ronald akatazama feni. Daktari alikitazama kioo, kisha vidole vyake mwenyewe, na polepole akaelewa alichokuwa akikifanya siku zote hizo.

"Naam," akasema hatimaye. "Ndivyo hasa nilivyotaka. Wageni waheshimiwa, kufuli za wengine huuliza siri. Yetu huuliza adabu. Asiyejua kuitikia hodi, haingii!"

Makofi yakapigwa. Mgeni mmoja akaomba naye apelekewe kufuli kama hiyo.

Bi Mwanaesha akainamia sikio la Daktari. "Na nani Pwani hii asiyejua kuitikia hodi?"

"Wasio na adabu," akanong'ona. "Na ukiuliza tena utakuwa mmoja wao."

Neno lililokwishapigiwa makofi halikubadilishika tena. Jioni ile darasa lilijaa. Jacinta alianza sala ya shukrani, akakwama katikati: kwa mlango alishukuru, ila hakujua kama yafaa kumshukuru Mungu kwa kiburi cha mtu. Akaona heri amwombee Daktari afya njema, na kiti kilekile cha uenyekiti, walau mpaka mtihani upite.