Daraja Lenye Mgongo

Katika mtaa ule, mvua ikinyesha, hata chura alilipa nauli kuvuka mto. Nauli yenyewe ilipokewa na mume wa Mama Mkasi, yule mama fundi cherehani. Watu walimwita Kivuko kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimama ukingoni, kupinda mgongo na kubeba watu hadi ng'ambo, kwenye soko, zahanati na ofisi za baraza la mji. Alishavusha bibi harusi, gauni lisiguse tone. Alishavusha jeneza, na wanasema aliyekuwamo alitulia kuliko abiria wote wa wiki ile. Alishavusha kabati la nguo, na alipolitua ng'ambo mlango ukafunguka akatoka mwenye kabati, ambaye hakutaka kulipa nauli mbili.

Hayo yalikuwa zamani, mgongo ulipokuwa mgongo. Mto ule ulipokea maji ya vyoo, maji ya machinjio na maji ya kiwanda cha ngozi, yote bila kuchagua. Vidonda vya miguu ya Kivuko vikawa haviponi, na kifua kikaanza kukoroma mchana kweupe kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Daktari wa zahanati alimvuta Mama Mkasi pembeni.

"Mama, mapafu ya mzee yamechoka. Akiingia tena kwenye maji yale mvua zijazo, usije kunilaumu."

"Mwambie wewe aache. Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

"Basi mjengee daraja," daktari akasema, na alikuwa anatania.

Mama Mkasi alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo wa baraza, kule makadirio ya matumizi yanakobandikwa nyuma ya kioo chenye vumbi zito, mpaka uteme mate ufute ndipo usome. Humo akalikuta daraja. Mwaka juzi lilijengwa. Mwaka jana lilipakwa rangi. Mwaka huu lilitengewa fedha za kubadilisha kingo, eti zimechakaa kwa wingi wa magari. Akarudi nyumbani mgongoni mwa mumewe, akipita mahali pale pale palipochakazwa na magari. Kesho yake akachukua fomu ya kugombea udiwani.

Diwani aliyekuwapo aliitwa Tutaliangalia, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila shida. Takataka zimeziba njia? Tutaliangalia. Siku moja nyumba ilishika moto akaitwa, na kwa kweli alikuja. Aliusimamia moto ule akiuangalia mpaka ukazimika wenyewe kwa kukosa cha kula.

Mama Mkasi alikuwa na mambo mawili tu ya kuuza. La kwanza, kila senti ya mtaa ijulikane imeliwa na nani, na aliyekula arudishe, awe nani awe nani. La pili, watu wenyewe waamue kwa kunyoosha mikono kipi kianze na kipi kingoje. "Mimi sitawaamulia," alisema kila kona. "Mikono ikiwa juu, mimi nafuata." Meneja wa kampeni alikuwa shemeji yake, mdogo wake Kivuko, mkodishaji wa spika za harusi, mtu mwenye sauti ambayo haikuhitaji spika.

Kivuko peke yake hakushangilia.

"Ukijenga daraja, mimi nitakula nini?"

"Utakula ninachoshona."

"Na nitaitwa nani?"

"Utaitwa mzee wa watu aliye hai. Hulitaki jina hilo?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Mkewe alidhani anaionea huruma kazi yake, akamwacha.

Shemeji ndiye aliyebuni uzinduzi. Walisimika nguzo mbili ukingoni, wakafunga utepe mwekundu kati yake. Nyuma ya utepe palikuwa na hewa, na chini ya hewa palikuwa na maji machafu. Spika zikatangaza mtaa mzima kwamba daraja lililojengwa mwaka juzi litazinduliwa leo, na mgeni rasmi ni mheshimiwa diwani, akiwa na ubavu wa kulipita. Watu walijaa. Walikuja kucheka, na walianza kabla ya kufika. Mtu mmoja mwenye magongo alidai kwanza aonyeshwe njia ya magari, yasije yakamgonga.

Tutaliangalia akaja. Hilo hawakulitegemea. Alishuka garini na viatu vinavyong'aa, akawapungia mkono, akaomba kipaza sauti kama mtu anayeomba chumvi.

"Ndugu zangu, nimealikwa kuzindua daraja, nimeitikia. Dada yangu anasema halipo. Mimi nasema lipo, lile pale ndani ya maji, limekunja suruali."

Wote wakamgeukia Kivuko, aliyekuwa amesimama majini akingoja abiria.

"Mzee huyu analipwa na baraza kila mwezi," Tutaliangalia akaendelea, taratibu. "Cheo chake ni mkaguzi wa daraja. Anasaini kwamba daraja liko salama. Sasa dada yangu anataka kujua hela zimeliwa na nani. Asihangaike kwenda mbali. Aanzie kwenye sufuria yake."

Shemeji alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Shemeji, kanusha. Sema anatapatapa. Au nizime mitambo, niseme umeme umekatika."

"Toa mkono," Mama Mkasi akasema. Kisha akaongea, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote. "Mzee, umesikia. Ni kweli?"

Kivuko aliyatazama maji. "Ni kweli."

"Ulijua unasaini nini?"

"Nilijua. Waliniambia niandike daraja liko salama. Nikajitazama, nikaona niko salama, nikaandika."

Wachache walicheka, wakajuta.

"Wakakupa nini?"

"Hela ya dawa. Na ile cherehani yako ya pili, niliyokwambia nimeipata kwa bahati. Bahati yenyewe ndiyo hiyo."

Mama Mkasi akamgeukia diwani. "Huyu amekula dawa na cherehani. Daraja zima limekwenda wapi?"

"Tutaliangalia," umati ukajibu kabla yake, na kicheko kikaenea mpaka ng'ambo. Mheshimiwa akakumbuka kwamba ana kikao, akarudi garini.

Lakini kicheko hakikuondoka naye. Kilibaki hapo kikitafuta pa kutua, na kinyozi wa mtaa ndiye aliyekionyesha mahali.

"Mama, yule wa gari tutakutana naye kwenye kura. Huyu wa kwako tunamfanyaje? Kumbe daraja tumeshalipia, na juu yake nauli tunatoa kila siku. Tumeliwa kwa mikono miwili. Wewe umesema aliyekula arudishe."

"Nitarudisha mimi. Nitawashonea."

"Nguo tunazo. Tunataka kuvuka. Avushe bure mvua zote zinazokuja, deni limekwisha, tunabaki majirani."

Sauti zikaitikia nyuma yake, nusu utani, nusu kweli. Mama Mkasi alikumbuka maneno ya daktari. Akavuta pumzi.

"Ndugu zangu, huyu mzee kifua chake..."

"Kifua changu kiache nyumbani," Kivuko akasema kutoka majini. "Si umewaambia watanyoosha mikono? Wanyooshe."

Hakuna aliyempenda kuliko mkewe, na hakuna mwingine aliyeweza kuuliza swali lile. Angeweza kukiweka chini kipaza sauti. Angeweza kusema hili ni la nyumbani, tutalimaliza nyumbani, kama walivyosema viongozi wote waliotangulia, kila mmoja kuhusu ndugu yake. Akauliza: wanaotaka avushe bure, wanyooshe mikono. Mkono wa kwanza kwenda juu ulitoka mtoni, ukiwa bado unadondosha maji. Mingine ikafuata mpaka usiuone upande wa pili.

Akashinda uchaguzi. Alishinda vibaya sana, mpaka kura za Tutaliangalia zilionekana kama zimepigwa kwa bahati mbaya. "Asiyemficha mumewe atamficha nani?" watu waliambiana. Walimpigia kura kwa sababu ya siku ile, na yeye siku ile hakuweza kuila wala kuitema.

Mvua ziliwahi. Kivuko aliingia majini asubuhi na kutoka jioni, na kwa kuwa ilikuwa bure, watu waligundua safari nyingi ambazo hawakuwa nazo zamani. Walivuka kuulizia bei ya nyanya, wakarudi kufikiri, wakavuka tena kununua. Mama Mkasi alimpaka dawa miguuni kabla hajatoka.

"Mimi ni diwani sasa," alimwambia. "Naitisha mkutano, wanyooshe mikono upya. Nitawaeleza ulivyo."

"Ukiwabadilishia kura kwa ajili ya mumeo, utakuwa nani?"

"Mkeo."

"Mke ninaye. Ng'ambo wanamngoja diwani, na leo ndiyo siku ya daraja. Panda, utachelewa."

Akapanda. Kupitia mgongo ule alisikia pumzi ikipanda na kushuka kwa shida, kama mtu anayeburuta kitanda kwenye chumba cha jirani. Akashikilia mkoba wake wenye hoja ya daraja na hakutikisika, ili asimwongezee uzito.

Kwenye baraza alieleza yote: ubao, rangi, kingo, sahihi za mumewe. Hakuficha hata cherehani. Madiwani walitikisa vichwa kwa masikitiko. Kisha mweka hazina, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaomba nafasi.

"Mheshimiwa amesema kweli tupu. Shida ni moja. Kwa mujibu wa vitabu vyetu, pale pana daraja. Kanuni hazituruhusu kujenga daraja juu ya daraja."

"Lakini umenisikia. Halipo."

"Nimekusikia, mama yangu. Ndiyo maana napendekeza kwanza tulibomoe. Likishabomolewa vitabuni, tutakuwa huru kujenga."

"Basi bomoeni leo."

"Kubomoa kunahitaji fedha, na fedha za kubomoa hazikutengwa. Tunaweza kuziweka mwaka ujao wa fedha. Kujenga, ule unaofuata."

Mama Mkasi alitafuta kwa wenzake macho ya kumcheka mweka hazina, hakuyapata. Akapinga, akagonga meza, akasoma tena hoja yake tangu juu. Mwishowe mikono ilinyooshwa, mingi sana, na hoja ya kubomoa daraja ikapita. Wenzake wakampongeza kwa kuanza vizuri.

Aliporudi ukingoni mvua ilikuwa imepungua. Upande wa mtaa foleni ilikuwa imesimama, miavuli juu. Upande wa soko, alipofika yeye, Kivuko alikuwa ameketi kwenye jiwe, mgongo ameuegemeza ukutani. Kando yake alisimama Bibi Mkaa, mwanamke mkongwe anayeuza mkaa sokoni, bado ameshika gunia lake.

"Alinishusha vizuri, mwanangu," Bibi Mkaa akasema. "Hata gunia halikulowa. Akaniambia, bibi, ngoja nipumue kidogo. Nikangoja. Naona nimengoja sana."

Mama Mkasi alipiga magoti. Alimfuta maji usoni, ingawa mvua iliyaleta mengine, akaishusha suruali iliyokunjwa ifunike vidonda, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Shemeji na kinyozi walimvusha kumrudisha nyumbani, mmoja kichwani, mwingine miguuni, na iliwachukua muda mrefu, kwa kuwa hawakuujua mto ule kwa chini.

Baada ya maziko mvua haikusimama. Asubuhi foleni ikajipanga tena, si kwa ubaya, ila soko lilikuwa lile lile na liko ng'ambo. Hakuna aliyetaja deni. Mama Mkasi alitoka kwake, akapita katikati yao hadi majini, akavua viatu, akafunga gauni juu ya magoti.

"Shemeji, rudi," mkodishaji wa spika akamwambia, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo. "Mwenye deni amekufa."

"Deni ni la nyumba. Mvua zote, ndivyo mlivyonyoosha mikono, na hazijaisha. Nani wa kwanza?"

Watu walitazama vidole vyao vya miguu. Kinyozi akakumbuka kwamba ameacha mteja nusu kichwa, akaenda. Mama Mkasi akageuka, akainama akingoja, viganja juu ya magoti, kama alivyozoea kumwona mwenzake.

Bibi Mkaa ndiye aliyesogea, gunia kichwani.

"Inama zaidi, Mheshimiwa," akasema. "Magoti yangu hayapandi."

Akainama zaidi. Uzito ulipomkaa mgongoni aliingiza mguu wa kwanza, kisha wa pili, akitafuta chini kwa kidole. Miaka yote aliyovuka akiwa juu, hakuwahi kujua kwamba maji yale yalikuwa baridi kiasi kile.