Miguu ya Sajenti

Mtu aliyezeeka na ng'ombe, ukimwonyesha mnyama yeyote, hata wa kwenye noti, cha kwanza atatafuta kwato. Ndivyo alivyokuwa Manyanda, na kosa lake lote lilianzia hapo.

Mnyama wa mawe alitoka korongoni, nyuma ya malisho, upande wa Kasansa unaoteremkia ziwani. Aliyemwona kwanza ni Lyamba, mtoto wa pekee wa Manyanda, kijana aliyeshaanza kutafutiwa mchumba, siku alipomfuata ndama aliyetumbukia. Alirudi na pingili moja ya uti wa mgongo, nzito kuliko mfupa wowote aliowahi kushika. Tangu hapo hakushikika. Ng'ombe wakitulia tu, yeye yuko korongoni na sururu na kijiko cha mama yake, anachokoa ukuta: mbavu, taya lenye meno, na vijiwe vingi bapa vya mviringo alivyoviita vifungo, kwa kuwa vilifanana na vifungo vya koti. Gideon, bwana mifugo wa kata, alipokuja kuchanja, alimweleza kwamba vitu hivyo huitwa visukuku, mabaki ya viumbe waliokwisha kabla binadamu hajakuwapo. Akapiga picha na kuahidi kuzituma kwa watu wanaojua. Lyamba alifurahi hadi akasahau kula, yeye ambaye kwenye ugali hakuwa na mzaha.

Mvua za kwanza zilipoanza, ukuta wa korongo ulimwangukia akiwa anachimbua fuvu la mnyama wake.

Baada ya maziko majirani walisema mifupa ile itupwe, wengine wakasema ichomwe, kana kwamba mawe yanaungua. Manyanda aligoma. Hakuwa na hoja ya kuwapa watu, ila alikuwa nayo moja ya kujipa mwenyewe: mnyama huyu akiwa wa kweli, mwanangu alikufa kazini, akiwa mawe tu, alikufa mchezoni, na mimi baba yake nilimwacha acheze. Jambo hilo alizunguka nalo mchana na usiku.

Basi akamtandika mnyama nyuma ya kihenge cha mahindi, juu ya ngozi, mfupa kwa mfupa, kama anavyomjua ng'ombe: shingo, mgongo, mbavu, mkia. Alifanya kazi safi. Lakini kila akimtazama aliona mnyama amebwagwa chini bila miguu, na mfugaji akimwona mnyama asiyeweza kuinuka roho humuuma. Msibani walikuwa wamemchinja Sajenti, dume la kuvuta plau ambalo Lyamba alilifundisha mwenyewe. Manyanda akaichukua mifupa ya miguu ya Sajenti, akaisafisha, akaipanga pale panapostahili miguu. Weupe wake ulimkera, akaipaka udongo mwekundu ifanane na mingine. Baada ya hapo alilala vizuri kidogo.

Vile vifungo hakuona vinakaa wapi kwenye mwili wa mnyama. Nyanzala, mkewe, aliviomba. Alivipanga juu ya kaburi la mwanawe mstari kwa mstari, na kila asubuhi alitoka na ufagio, akafagia, kisha akavirudisha mahali pake vile ambavyo kuku walikuwa wamevitawanya. Tangu aanze kazi hiyo hakuna aliyemwona akilia.

Mtaalamu alifika kiangazi, kwa gari kutoka Mpanda, Gideon akiwa kiti cha mbele anaelekeza njia. Walitegemea mzungu mwenye ndevu. Akashuka binti mwenye buti za vumbi, jina lake Eufrazia, aliyemsalimia Nyanzala kwa kupiga goti. Alipelekwa nyuma ya kihenge, akainama, akapitisha macho mfupa kwa mfupa. Kisha akaokota kipande cha ubavu na kukigusisha ulimini. Akawaeleza kwamba mfupa wa kale hunata kwenye ulimi, jiwe la kawaida halinati. Kikanata. Akacheka kwa furaha, na Manyanda naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, halafu akaona aibu.

Eufrazia akafika kwenye miguu. Alikwangua kwa ukucha, udongo ukabanduka, ukaonekana mfupa mweupe.

"Baba, hii ameiweka nani?"

"Mimi."

"Na rangi?"

"Mimi pia. Hakuwa na miguu, mwanangu."

Eufrazia akakaa chini. Alisema bila ukali kwamba wako watu wanaogundisha mifupa na kuipaka rangi ili kudanganya wanunuzi. Alisema hajasikia mnyama wa namna hii kuokotwa upande huu, kwa hiyo wakubwa wake watatafuta sababu ya kumkataa, na sababu yenyewe ndiyo hii imepakwa udongo. Yeye mwenyewe aliuamini ule mgongo. Ila kiungo halisi kilichokuwa mahali pa miguu hii ndicho kingesema huyu ni nani, na bila hicho mifupa itaishia kwenye boksi la vitu visivyojulikana. Manyanda alisikia neno moja tu katika yote hayo, kwamba mnyama wa mwanawe anakataliwa.

"Kule korongoni nyie hamkuona vifupa vidogo, bapa?" Eufrazia akauliza.

"Tulivitupa," Manyanda akajibu haraka.

Nyanzala alikuwa amesimama kwenye pembe ya kihenge na kikombe cha maji ya mgeni. "Hatukuvitupa," alisema. "Viko kwa mwenyewe."

Wakaenda. Eufrazia alipoliona kaburi alijiziba mdomo kwa mkono. Alisema hataviomba, kwa kuwa naye ana mama. Atapiga picha tu aondoke. Hapo Manyanda, aliyekuwa akiutaka ukweli wa mnyama yule kuliko chakula, akajikuta anasema viachwe. Alimaanisha kabisa.

Nyanzala akaketi kando ya kaburi, miguu ameinyoosha, wakadhani anazuia. Akaivua khanga ya mabegani, akaitandaza, akaanza kuokota, kimoja kimoja, akikifuta kwa kidole gumba.

"Mama Lyamba, acha," Manyanda akasema.

"Vilikuwa vyake vya kuonyesha watu," alisema. "Mimi nilimshikia tu."

Eufrazia alivipanga kwenye turubai, vikubwa karibu na bega, vidogo kuelekea ncha. Alihangaika navyo hadi jua likapinda, na polepole likatokea pezi pana, kisha la pili.

"Hakuwa na miguu, baba," Eufrazia akasema. "Alikuwa anaogelea. Hapa pote palikuwa maji."

"Kwa hiyo ni wa kweli."

"Ni wa kweli."

Manyanda alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu siku ya maziko. Sasa aliyapata, na hayakumsaidia alivyotarajia. Mtoto alikufa kazini, sawa, lakini alikuwa amekufa vilevile.

Walifunga kila kipande kwa magazeti, Eufrazia akaahidi kwamba popote mnyama atakapowekwa jina la Lyamba litaandikwa kuwa ndiye aliyemwona, na gari likaondoka. Nyuma ya kihenge ilibaki ngozi tupu na miguu ya Sajenti na wekundu wake. Manyanda alichimba shimo ubavuni mwa kaburi akaizika pale, bila kumwuliza mtu, maana hakuna aliyelipenda lile dume kama Lyamba.

Kulipokucha alikuwa zizini anafungua ng'ombe alipomwona mkewe akitoka na ufagio kama kawaida. Nyanzala alifagia kuzunguka kaburi lote. Halafu akainama, mkono mbele, kutafuta kilichotawanywa na kuku, na akabaki ameinama hivyo hivyo, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kurudisha.