Kibao cha Madoa

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kibao kimoja, wanyama wawili. Kushoto chui milia, jibaba zima, mrefu kuliko kitanda. Kulia mnyama asiyefika hata ukubwa wa paka, manyoya ya kahawia yenye madoa meupe, jike mwenye mfuko tumboni. Pale makumbusho walimwita Madoa. Wote wawili wala nyama, na ngozi za wote wawili zilijazwa pamba na mtu mmoja, Fundi.

Mwandishi wa vibao alikuwa mke wa Fundi. Mwaka jana wenzake walimwita mama kijacho, wakimtania kwamba tumbo linamtangulia ofisini. Mtoto akaja wa miezi saba, akakaa siku moja, akaenda. Mama mtu alikuwa amepasuliwa, hajitambui, anazinduka, wameshazika. Tangu hapo wenzake wakamwita dada tu, na hakuna aliyethubutu kumtaja mtoto mbele yake, Fundi akiwa wa kwanza kunyamaza. Ukimya huo ulimuuma kuliko kile kidonda cha tumbo.

Basi akaandika uzito, akaandika meno, akaenda vizuri mpaka mstari wa watoto. Chui milia, watatu. Madoa anaweza kuzaa hata thelathini, kila mmoja kama punje ya mchele, lakini chuchu ni sita. Sita wanaowahi kuzidaka ndio wanaoishi. Waliobaki, basi tena.

Aliandika thelathini. Msimamizi akapita, akakata kwa kalamu nyekundu, akaweka sita, akamweleza kwa ule upole wake wa kuudhi kwamba wasionyonya hawahesabiwi, wageni watachanganyikiwa. Kisha huyoo, kwenye chai yake.

Jamani, kuna maneno mtu hayamezi. Alikibeba kibao mpaka karakana, ambako Fundi alikuwa anachana mkia wa chui, akakibwaga mezani. Fundi akasoma, akasema bila kuinua macho kwamba sita ni sita, yaishe.

"Wetu hakunyonya," mkewe akasema. "Kwa hiyo na yeye hahesabiwi?"

Fundi akaweka kitana chini. Akautazama mkono wake wa kulia, akautazama, halafu machozi yakamtoka, mtu mzima, wala hakujifuta.

"Alinyonya," akasema. "Manesi walinifungulia kidirisha cha lile sanduku la joto la watoto njiti, nikaingiza mkono. Akakidaka kidole changu, akanyonya mpaka akalala. Ilikuwa haki yako ile, si yangu. Nikashindwa nitakuambiaje."

Mwaka mzima mwanaume huyu amekula naye meza moja, na kidole hicho anacho! Alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia. Akaketi sakafuni kwenye mabaki ya manyoya.

"Kipi?" akauliza.

Fundi akachuchumaa, akamnyooshea kidole chake cha mwisho. Mkewe akakishika kwa mikono yote miwili, akakiweka shavuni. Kilikuwa kinanuka gundi, na alikishika hivyo hivyo, akilia, mpaka kengele ya kufunga ikapigwa.