Dereva Aliyekuwa Likizo

Kazi yangu ni kuandika wanayosema watu wakiwa chini ya kiapo. Miaka ishirini na sita nimekaa pembeni ya meza za mawakili wa Washington, vidole kwenye mashine, mdomo nimeufumba. Nimeandika maneno ya wazinzi, nimeandika ya wanaume waliowaibia mama zao. Lakini kichefuchefu cha kweli nilikipata kwenye kesi ya Verna Tillery, na hadi leo nikiikumbuka natamani kutema mate.

Binti yake, Corinne, aliuawa na bomu katika stesheni ya treni kule Baltimore. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Begi la bomu lilifikishwa pale na dereva wa ubalozi mdogo wa nchi moja, tena kwa gari la ubalozi. Kabla moshi haujatulia jamaa alikuwa kwao, na kwao hawamtoi ng'o. Verna akaishtaki nchi yenyewe. Nchi ikajibu: sisi ni dola, tuna kinga, mahakama zenu hazituhusu. Na sheria yetu, Mungu aisamehe, inawakubalia, isipokuwa uonyeshe kwamba mtumishi wao alitenda ule uovu akiwa kazini. Basi jaji akampa Verna miezi sita ya kuuliza jambo hilo moja tu. Akishindwa, kesi inafutwa kabla hata haijasikilizwa.

Hebu fikiria. Mtoto wa mtu amezikwa vipande vipande, halafu unaambiwa ulizia ratiba ya dereva!

Dereva tulimhoji kwa video, yeye yuko kwao, shati jeupe, glasi ya chai mkononi. Alikubali kuhojiwa kwa sababu alijua hatuna la kumfanya. Mkalimani alikaa ubavuni pake. Huku kwetu mezani tulikuwa wanne: mimi, Verna, wakili wake Rudnick, mtu mwema ambaye shati lake halijawahi kuonana na pasi, na Ainsley, wakili wa ile nchi. Ainsley alikuwa anakula mkate uliojazwa nyama ya kaa. Picha za stesheni ziko mbele yake, damu mpaka ukutani, naye anatafuna. Akajifuta vidole akasema, "Samahani, endeleeni."

"Siku ile ulikuwa zamu?" Rudnick aliuliza.

"Sikumbuki."

"Ufunguo wa gari ulipewa na nani?"

"Sikumbuki."

"Ndani ya begi mlikuwa na nini?"

"Pingamizi!" Ainsley alidakia. "Jaji hakuruhusu maswali hayo. Tuko hapa kuulizia kazi yake tu."

Ikawa ndiyo hivyo asubuhi nzima. Tulipopumzika, Rudnick alimvuta Verna kwenye korido, nami nilikuwa papo hapo nanyoosha mgongo.

"Mama, tunakwenda vizuri," alisema. "Lile daftari la ubalozi la kuchukulia funguo za magari lina sahihi yake ya asubuhi ile, na mtu asiyekumbuka hawezi kulipinga. Linatosha kabisa kuonyesha alikuwa kazini. Wewe nyamaza tu, nakuomba."

"Nitanyamaza. Mimi nimeishi miaka thelathini na mume mbishi, mwanangu. Kunyamaza nakujua."

Na alinyamaza, masikini. Mpaka saa tisa, Rudnick aliposoma jina la Corinne kwenye orodha ya waliokufa, na yule dereva akapiga miayo, mdomo wazi, bila hata kuuziba kwa mkono.

Verna akasimama. "We mwanamume! Ulijua kilichomo kwenye lile begi?"

Mkalimani naye ni kama mimi, anachosikia anakipitisha. Alitafsiri kabla hajafikiri.

"Simamisha!" Rudnick aliruka. "Darlene, usiandike!"

Sisi kwa desturi hatuachi kuandika mpaka mawakili wote wawili wakubaliane. Nikamtazama Ainsley, yule aliyekuwa akipinga hata Rudnick akikohoa. Alikuwa ametulia tuli.

"Aandike tu," alisema kwa upole. "Mama ana haki ya kujibiwa."

Dereva akaweka glasi chini. "Ndiyo, nilijua. Lakini hakuna aliyenituma. Nilikuwa likizo."

"Ebo! Leo ndiyo umekumbuka?" Rudnick alifoka. Ainsley alikuwa ameshafunga faili lake.

Niliandika neno kwa neno.

Wiki tatu baadaye hukumu ikatoka, na jaji alinukuu ukurasa wangu. Shahidi amesema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alikuwa likizo, sahihi ya daftarini haitoshi kumkanusha, alitenda kwa hiari yake, nchi haina la kujibu, kesi imefutwa. Mtu amekiri kuua, na kukiri kwake ndiko kumewasafisha waliomwajiri! Na yeye mwenyewe hagusiki, anakunywa chai kwao. Mjini wakasema mdomo wa mama yule umemponza. Wapuuzi wakubwa. Ainsley akaniletea kadi: "Kazi safi kama kawaida." Niliichana, nikaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Siku ya pili yake Verna alikuja ofisini kwangu, koti limelowa mvua. Halii. Alikaa bila kukaribishwa.

"Mume wangu anasema nimeiua kesi, na Rudnick ananibembeleza tu kama mgonjwa," alisema. "Wewe ulikuwepo, umeona kesi nyingi. Niambie kweli, dada yangu. Ningenyamaza, kesi ya mwanangu ingeendelea?"

Ingeendelea. Daftari lilikuwepo, sahihi ilikuwepo, na yule mshenzi alikuwa hakumbuki kitu.

"Hapana," nilimwambia. "Hata ungenyamaza wangeifuta vilevile."

Alivuta kiti karibu na meza yangu.

"Wewe uliapa kwamba kila unachoandika ni kweli, sivyo?"

"Niliapa."

"Basi nakuamini," alisema, akafunga vifungo vya koti, akaenda kumwambia mumewe.