Hatua Nne Chini

Sikumpenda Mzee Pazi tangu siku aliposhuka kutoka Kerege akakaa kwenye kinanda changu bila kuuliza. Nasema changu kwa sababu nilikinunua mimi, nakipangusa mimi, na hapa Bagamoyo hakuna anayekijua kunizidi. Yeye alikikalia kama mtu aliyerudi kwake. Akavua miwani, akaiweka juu ya spika, akaanza kupapasa.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekakamaa. Akipiga, noti nyingine zinaruka, nyingine zinachelewa, na penye kipande cha haraka anapita pembeni kama hakioni. Mimi ni mwalimu wa muziki. Nimewafundisha watoto wa watu kinanda kwa miaka kumi na tisa, na mwanafunzi akinipigia namna ile namrudisha mwanzo.

Kwa nini aliitwa? Mama yangu, Bi Raya, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha taarabu hapa mjini. Marehemu baba alipiga fidla katika kikundi hichohicho, na kinanda alipiga Pazi. Baba alipofariki, mama akanyamaza. Miaka kumi na miwili haimbi, hata akiwa peke yake jikoni. Binti yangu Adila alipoposwa, akamwomba bibi yake zawadi moja tu, amwimbie kwenye walima ule wimbo wake wa zamani ambao mtaa mzima unaujua kwa kaseti. Mama akakubali. Nilifurahi mno, maana nilijua atakayempigia ni mimi. Tangu nijue kupiga kinanda nilikuwa nangoja jambo hilo moja, mama aimbe na mimi nikiwa nyuma yake.

Nilijiandaa kweli. Nilisikiliza kaseti mpaka mke wangu akaomba nivae visikilizio. Niliandika kila noti, hata mapambo madogomadogo. Siku ya mazoezi nikapiga vilevile kama kwenye kaseti, sikukosea popote. Mama akaimba mistari miwili, akafika pale wimbo unapopanda, akanyamaza. Akasema koo limemkauka. Siku ya pili likamkauka tena. Siku ya tatu aliniambia bila kunitazama, "Mwiteni Pazi."

Basi akaja. Nikamwamkia, akaitika, akamwomba mama amwimbie kwanza bila kinanda. Mama akaimba kwa sauti ndogo, yeye kainamisha kichwa, mikono mapajani. Kisha akaniomba maji. Niliporudi na glasi, kinanda kilikuwa kinalia na mama alikuwa anaimba, na si mistari miwili. Aliimba mpaka pale pa kupanda, akapanda, akapita. Pazi alikosea mara nne, nilizihesabu. Adila alikuwa amesimama mlangoni anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Babu Pazi akikosea mimi nalia, baba," akaniambia. "Sijui kwa nini."

Mungu anisamehe, nilitamani kuimwaga ile glasi juu ya kinanda. Usingizi ulinipaa siku kadhaa. Mimi nimesoma, nimefanya mazoezi, vidole vyangu vizima, halafu mama yangu mzazi anamfungulia sauti yake mzee asiyeweza hata kukunja kidole. Nilikuwa na wivu, tena ule wa kukosesha hamu ya chakula.

Siku ya walima, Mzee Pazi alifika mapema, akakijaribu kinanda chini ya turubai, kisha akaenda msikitini kuswali alasiri. Nikasogea. Kinanda changu kina kitufe ambacho ukikibonyeza, vidole vinabaki kupiga palepale lakini sauti inatoka chini zaidi, au juu zaidi, upendavyo. Kwenye kioo iliandikwa kutoa nne. Mazoezini nilikuwa nimeshasikia kwamba wimbo uko chini kuliko kaseti, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba masikio ya mzee yamekwisha, hata sauti ya wimbo aliourekodi mwenyewe haikumbuki. Nikabonyeza mara nne, nikarudisha sifuri. Nilitaka aanze, ashtuke, avurugike mbele za watu, na mimi niitwe nikae mahali pangu.

Alipogusa noti ya kwanza kichwa chake kiliinuka. Mkono ukaenda kwenye vile vitufe, lakini miwani ilikuwa juu ya spika, na mama alikuwa ameshavuta pumzi. Akaingia. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili nikaona mishipa ya shingo yake imesimama, na sauti inakwaruza. Simu kama thelathini zilikuwa juu zinamrekodi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na sikuwa na namna ya kukitengua.

Pazi hakusimama. Katikati ya ubeti alihamisha mikono yote miwili, akashuka kwenye vibao ambavyo maisha yake hajawahi kuupigia wimbo ule. Mama akayumba kidogo, akamfuata. Mzee akawa anabahatisha. Kidole kikienda hapa kumbe noti iko pale, mkono wa kushoto ukaachia kabisa. Vijana nyuma wakaanza kucheka. Lakini kila mama alipohitaji noti ya kukanyaga, ile moja ilikuwepo. Alipanda, akapita, akamaliza, vigelegele vikalia.

Baadaye watu walimsema Pazi mpaka nikaona haya. Jirani yetu Alawi alinishika bega akasema ningepiga mimi tusingeaibika. Nilikuwa nimeyataka sana maneno hayo, na yaliponifikia sikujua niyaweke wapi. Mama alikuwa amekasirika. Alisema Pazi amemharibia wimbo mbele ya wakwe.

Nilimsindikiza mzee kituoni. Tulipofika akaifuta miwani yake kwa kanzu.

"Ulirudisha sifuri," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikakubali kwa kichwa. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama.

"Ningemwambia nini, Twalib? Kwamba mwanawe kamrudishia sauti yake ya ujanani ikamshinda?" Akavaa miwani. "Sauti yake imeshuka. Yeye hajui, anadhani anaimba palepale. Mimi sitakuwa wa kumwambia, na wewe usiwe."

Akapanda gari.

Ijumaa iliyofuata mama alinikuta nimekaa kwenye kinanda. Akasema nimpigie mimi, Pazi amezeeka. Nikashusha hatua nne, nikaweka leso juu ya kioo, nikapiga. Aliimba mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimepata nilichokingoja tangu utotoni, na vidole vyangu havikukosea hata mara moja.

"Umeona?" akasema mama, uso umemchangamka. "Sauti yangu iko vilevile. Koo lilikuwa limenishika tu zile siku."

Nikamwambia naam, iko vilevile. Kisha akaingia jikoni, akatoka na bakuli la visheti limefunikwa kawa. Akaniambia nimpelekee Mzee Pazi Kerege, na nimwambie kwamba yeye, Raya, hana kinyongo. Yale ya walima amemsamehe.

Nilimkuta Pazi barazani kwake. Alikula kisheti kimoja polepole, akaniuliza nimeshusha ngapi. Nikasema nne.

"Na pumzi? Pale pa kupanda, ilimtosha?"

 Wakati mama anaimba nilikuwa naangalia vidole vyangu. Wivu ukanirudia palepale kwenye mkeka wake, maana mzee huyu, akiwa mbali na mjini, alijua cha kuuliza kuhusu mama yangu, na mimi niliyekaa hatua mbili kutoka mdomoni mwake sikujua cha kujibu.

"Ijumaa ijayo mwangalie yeye," akasema. "Ukiona anatafuta pumzi, shusha tano."

Ujumbe wa mama nilikuwa nimeuficha mpaka nikasimama kuondoka. Ulinikwama, lakini nilikuwa nimetumwa. Nikamwambia, "Mama anasema yale ya walima amekusamehe."

Mzee Pazi akapangusa sukari kwenye midomo.

"Mwambie nashukuru," akasema.