Kamera ya Mama Watoto

Tangu mkewe apigwe na kiharusi, fundi makochi alifanya kazi jicho moja likiwa kwenye cherehani na jingine kwenye simu. Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini tu, lakini mama watoto hakuweza kuita. Ulimi ulikuwa mzito, na upande wote wa kulia haukuwa na nguvu. Binti yao mkubwa ndiye aliyefunga kamera ndogo juu ya kabati, na tangu siku hiyo mzee aliweza kupiga misumari huku akimwona mwenzake anavyopumua.

Kisha kamera ikaanza vituko. Mzee akitoka chumbani, hata hajashika mkasi, picha inaganda na simu inaandika kwamba kamera haipatikani. Anarudi mbio, anamkuta mkewe salama, na kamera nayo inafanya kazi kana kwamba haijawahi kuugua. Siku nne mfululizo alishinda njiani kati ya banda na chumba, na kochi la mteja likabaki mbavu nje.

Siku ya tano akaja fundi wa intaneti, mwanamke kijana mwenye ngazi begani na penseli kwenye nywele. Alianzia sebuleni, kwenye modemu: taa zote kijani. Akaingia chumbani, kwenye ruta iliyokaa mezani karibu na kitanda: nayo haina neno. Akaizima, akasubiri dakika nzima, akaiwasha. Akaiunganisha kamera upya. Picha ikaja, safi kabisa.

"Mbona haina ubaya wowote, baba?"

"Ndivyo inavyonifanyia! Wageni wakija inajifanya malaika. Ngoja uondoke uone."

Fundi akajikuna kichwa kwa penseli. Badala ya kufunga begi, akavuta kigoda, akakaa kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye unayeshinda na hivi vidude. Umeona vinavyozimika?"

"Hawezi kusema, binti yangu," mzee akadakia.

"Lakini anasikia?"

"Kila kitu."

"Basi tumpe nafasi."

Fundi akamsogelea, akamtazama usoni. Mkono wa kushoto wa mama watoto ukainuka taratibu, ukaelekea mlangoni.

"Anataka maji," mzee akasema, akianza kuondoka.

Mkewe akakunja uso, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole tena.

"Mlango?" fundi akauliza. "Ukifungwa?"

Mama watoto akafumba macho kwa nguvu, akayafumbua. Ndiyo.

Fundi akausukuma mlango mpaka ukalia *ka!* Taa moja ya ruta ikageuka nyekundu. Akaufungua, baada ya muda mfupi ikarudi kijani. Waya uliotoka sebuleni ulipita kwenye bawaba, na kwa kubanwa miezi na miezi ulikuwa umebonyea hadi nyuzi za ndani zikaonekana. Na mzee hakutoka bila kufunga mlango, vumbi la sponji lisije likamfikia mgonjwa.

"Siku zote hizi alikuwa ananionyesha," mzee akasema polepole. "Nami namnywesha maji tu!"

Mkewe akacheka kwa nusu ya mdomo, shuka likitikisika tumboni. Mzee alikuwa hajamwona akicheka tangu augue.

Fundi akapitisha waya mpya juu ya fremu, akaubana vizuri ukutani, kisha akamtuma mzee bandani na kufunga mlango. Kwenye simu picha ilitulia tuli, na ndani yake mama watoto alikuwa akimpungia.

Getini mzee aliushika mkono wa fundi kwa mikono yake miwili.

"Ahsante kwa waya, mwanangu. Lakini ahsante zaidi kwa kumuuliza. Miezi saba watu wanaingia humu, hali yake wananiuliza mimi, naye yupo palepale anasikia. Na mimi mwenyewe nimekuwa hivyohivyo."

"Yeye ndiye aliyegundua, baba. Mimi nimeshika bisibisi tu."

Asubuhi iliyofuata muuguzi alifika, akauliza kama kawaida, akimtazama mzee, "Mgonjwa ameamkaje?"

"Muulize mwenyewe," mzee alisema, akimpisha kuelekea kitandani. "Mpe muda tu, atakujibu."